Jackson Watatu wa 2024: Kinda Yupi Apandishwe, Yupi Asubiri

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024 nilikwenda Camden Yards, uwanja wa Baltimore Orioles, na shemeji yangu aliyekuwa ametutembelea kutoka Mombasa. Njia nzima nilikuwa namsifia Jackson Holliday: ana miaka 20, ni mtoto wa Matt Holliday aliyekuwa nyota wa ligi kuu, na ndiye namba moja kwenye orodha za makinda wa besiboli. Alipotoka kwenda kupiga, shemeji akautazama ubao mkubwa, akanigusa bega.

"Shemeji, huyu ndiye yule?"

"Ndiye."

"Mbona ubao unasema sifuri tupu?"

Kweli ulisema .000. Ilikuwa siku ya tano tangu apandishwe ligi kuu na hakuwa amepata hata mpigo safi mmoja, yaani mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji beisi salama. Katika raundi ya saba akaupata wa kwanza, uwanja mzima ukasimama, nami nikasimama na koo limenikauka kwa kelele. Tarehe 26 mwezi huohuo wakamrudisha ligi ndogo. Alikuwa amepata mipigo miwili katika majaribio 34, na mara 18 ametolewa kwa straiki tatu, yaani kuukosa mpira au kuuacha mzuri upite hadi mara ya tatu.

Wageni wa siku ile walikuwa Milwaukee Brewers, na kikosini mwao kulikuwa na Jackson mwingine wa miaka 20, Jackson Chourio wa Maracaibo, Venezuela. Kule San Diego kulikuwa na wa tatu, Jackson Merrill, ambaye amekulia Severna Park hapa Maryland, mwendo mfupi wa gari kutoka viti tulivyokalia. Watatu jina moja, umri mmoja, msimu mmoja wa kwanza, kila mmoja akiwa amepandishwa kwa njia yake. Tangu hapo, mtu akiniuliza kama kinda fulani wa timu yake yuko tayari, nawarudia hawa watatu. Sijaona kipimo kizuri zaidi.

Ngazi wanazopanda

Kila timu ya ligi kuu ina timu nne za ligi ndogo chini yake: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, mbali na zile za mazoezi za Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika wanakoanzia walio wachanga kabisa. Zamani ilidhaniwa kila mtu lazima apite Triple-A. Siku hizi vijana wengi wenye vipaji wako Double-A, na Triple-A imejaa pia wachezaji wazoefu waliokwisha kuionja ligi kuu na wanasubiri simu. Kwa hiyo ukiambiwa kinda "yuko Double-A", usidhani yuko mbali.

Maneno machache tutakayoyatumia. Wastani wa kupiga ni sehemu ya majaribio iliyozaa mpigo safi; .300 ni mzuri sana, .200 ni balaa. Mrushaji akikosa eneo la straiki mara nne, mpigaji anapewa beisi ya bure. Homrani ni ule mpira unaovuka uzio wa nje. Shotistopu ni yule anayelinda kati ya beisi ya pili na ya tatu, nafasi inayodai wepesi kuliko zote za uwanja wa ndani.

Walivyosomeka mwishoni mwa 2023

Ukiwaweka mezani kwa takwimu za ligi ndogo peke yake, Holliday anawaacha wenzake mbali. Orioles walimchukua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2022, zile zamu za timu kuchagua vijana wapya, akitoka sekondari huko Stillwater, Oklahoma. Mwaka 2023 alicheza ngazi zote nne ndani ya msimu mmoja: Delmarva, Aberdeen, Bowie, kisha Norfolk. Wastani .323, beisi za bure 101 katika mechi 125. Kinda wa miaka 19 mwenye jicho la namna hiyo huonekana mara chache. Lakini angalia hapo mwisho: Norfolk, yaani Triple-A, alicheza mechi 18 tu.

Chourio alikaa karibu msimu mzima Double-A, Biloxi, kwenye joto la Mississippi. Akamaliza na wastani wa .280 hivi, homrani 22, na beisi za kuiba (kuikimbilia beisi inayofuata bila mpira kupigwa) zaidi ya 40. Takwimu nzuri, si za kushangaza, mpaka ukumbuke mambo mawili. Alikuwa na miaka 19 akicheza na watu wa 23 na 24. Na nusu ya kwanza ya msimu ule ligi yao ilikuwa ikijaribu mpira uliopakwa kitu cha kunata kiwandani, ukampa mrushaji mshiko wa ziada na mpira ukapinda kupita kawaida. Mpira wa kawaida uliporudishwa, takwimu za Chourio zikapanda. Aliyesoma jumla ya mwaka tu hakuliona hilo.

Merrill ndiye aliyekuwa wa kawaida kuliko wote kwenye karatasi. Alichaguliwa wa 27 mwaka 2021, na mwaka 2023 akapiga .277 na homrani 15 kati ya High-A na Double-A. Hakuwahi kugusa Triple-A. Ila alitolewa kwa straiki tatu karibu asilimia 12 tu ya zamu zake. Kwa maneno mengine, akizungusha gongo, gongo linakutana na mpira.

Kama ungenipa nichague mmoja mwezi Machi 2024 kwa kuangalia takwimu hizo, ningemchagua Holliday bila kufikiri mara mbili. Ningekosea kwa mwaka ule.

Kilichotokea

Merrill alianza msimu Seoul, Korea Kusini, Machi 20, timu yake ya San Diego Padres ikicheza na Los Angeles Dodgers. Tena hakucheza shotistopu, nafasi aliyoizoea; alipewa namba katikati ya uwanja wa nje, mahali alipokuwa amejifunza kwa wiki chache tu za mazoezi. Akamaliza mwaka na wastani .292, homrani 24, na akaingiza mikimbio (yaani alama) 90. Alikuwa wa pili kwenye tuzo ya mchezaji mpya bora wa National League, moja ya nusu mbili za ligi kuu; nyingine ni American League.

Chourio aliteseka. Hadi mwisho wa Mei wastani wake ulikuwa unazunguka .210 na kuna siku alikaa benchi. Baada ya hapo akafunguka kama mvua ya masika: akamaliza na .275, homrani 21 na beisi 22 za kuiba, akawa mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya ligi kuu kufikisha 20 na 20 ndani ya msimu mmoja. Oktoba, kwenye mchujo dhidi ya New York Mets, akapiga homrani mbili katika mechi moja.

Holliday mmeshamsikia. Alirudi Julai 31, akamaliza mwaka na .189 na homrani tano.

Palipowatenganisha

Hapa ndipo pa kukaa, maana ndipo msaada ulipo kwa mtu anayepima makinda wa timu yake.

La kwanza ni zile beisi za bure. Kwa miaka mingi nimezisifu kama alama ya utulivu, na bado nazisifu, ila siku hizi nauliza: anazipata kwa sababu anajua kuchagua, au kwa sababu warushaji wa huko chini hawajui kulenga? Kule Delmarva na Aberdeen kijana mwenye subira anaweza kusimama tu gongo likiwa begani na kupewa beisi. Triple-A ya mwaka 2023, mashine ilikuwa ikisaidia kuamua straiki, kwa hiyo mipira ya pembeni ambayo mwamuzi wa kibinadamu angemwonea huruma mrushaji ilihesabiwa mibovu. Ligi kuu ya 2024 haikuwa na zawadi hizo. Mrushaji wa ligi kuu humwanza kinda kwa straiki ya kwanza, humwongeza ya pili, kisha humpandishia mpira wa kasi juu kifuani, pale ambapo macho yanauona mtamu na gongo linapita chini yake. Hivyo ndivyo nilivyomwona Holliday akimalizwa: anasubiri, anasubiri, tayari ana straiki mbili, kisha hewa. Subira yake iligeuka deni.

Merrill yeye ni kinyume kabisa. Katika mechi 156 za ligi kuu alipata beisi za bure 29 tu. Ukimpima kwa kipimo kile cha subira anafeli. Lakini deni la straiki mbili halikumlemea, kwa sababu alikuwa anaushambulia mpira wa kwanza mzuri anaouona, na akiugusa unakwenda. Kwa hiyo mimi leo, nikipewa makinda wawili wa umri mmoja, mmoja ana beisi za bure nyingi na straiki tatu nyingi, mwingine hana hiki wala kile ila gongo lake linagusa, nampandisha wa pili kwanza. Wa kwanza anaweza kuja kuwa mkubwa kuliko yeye baadaye, ila anahitaji miezi zaidi Triple-A, mbele ya wale wazee wenye umri wa miaka 30 na mpira wa kupinda.

Jambo hili lilikuwa linajulikana. Orioles walipomwacha nje ya kikosi cha kufungulia msimu, uongozi ulieleza kwamba Holliday, anayepigia mkono wa kushoto, anahitaji kukutana na warushaji wengi zaidi wa mkono wa kushoto kule Triple-A. Maelezo hayo yalikuwa sahihi. Kisha akapiga vizuri sana kwa mechi 10 za Norfolk, wakampandisha. Mechi 10! Ni wiki mbili. Haziwezi kufundisha kile ulichosema mwenyewe kwamba hakijafundishwa.

La pili ni namba yenyewe. Kabla ya kuuliza kama kinda yuko tayari, uliza kama kuna pengo. Desemba 2023 Padres walimpeleka Juan Soto New York Yankees pamoja na Trent Grisham, na uwanja wa nje ukabaki na mapengo mawili. Merrill alikuta mlango wazi. Angekosea wiki mbili, hakukuwa na mtu wa kumpokonya. Orioles walikuwa wametoka kushinda mechi 101 mwaka 2023. Shotistopu ilikuwa ya Gunnar Henderson, kwa hiyo Holliday ikabidi ahamie beisi ya pili, kwenye timu inayowania ubingwa na yenye wachezaji wengine wanaosubiri nafasi hiyohiyo. Timu inayoshinda haina uvumilivu na mwenye .059, hata awe mtoto wa nani. Hivyo kinda mmoja anaweza kuwa tayari kwa timu moja na asiwe tayari kwa nyingine, siku hiyohiyo.

La tatu ni mkataba, na hili mashabiki wengi hulipita. Desemba 2023, kabla Chourio hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, Brewers walimsainisha miaka minane kwa dola milioni 82. Wengine waliona ni wazimu. Lakini pesa zile ndizo zilizomlinda mwezi Mei. Timu iliyokwisha kumlipa kijana mpaka afike miaka 27 haina sababu ya kumshusha kwa hofu ya wiki sita mbaya; inamkalisha benchi siku mbili, inamrudisha, inamwacha ajifunze mbele ya warushaji atakaokutana nao maisha yake yote. Ukitazama takwimu za Aprili na Mei, Chourio hakuwa amewazidi wengi waliorudishwa chini. Alichokuwa nacho zaidi ni muda.

Na huo muda ndio unaonipa imani kwamba Holliday hakuwa amefeli. Hata magwiji walianza hivyo: Mickey Mantle alirudishwa ligi ndogo mwaka 1951 akiwa na miaka 19. Willie Mays, mwaka huohuo, alipata mpigo mmoja katika majaribio yake 26 ya kwanza. Mike Trout alipiga .220 mwaka 2011, na mwaka uliofuata akawa mchezaji mpya bora wa American League. Kuanza vibaya kukiwa na miaka 20 hakumfuti mtu.

Takwimu za kuzitilia shaka

Wastani wa Triple-A ya upande wa magharibi, kwa mfano Albuquerque au Reno, usomwe kwa tahadhari. Kule ni juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali na hauna hewa nzito ya kuupindisha. Mpigaji anaonekana simba na mrushaji mzuri anaonekana hafai.

Umri nao uangaliwe kabla ya wastani. Kijana wa miaka 24 anayetesa Single-A anawatesa wadogo zake. Wa miaka 19 anayepiga .260 Double-A ana habari kubwa zaidi.

Na kinda asipopandishwa, usikimbilie kusema hajaiva. Mchezaji hupata uhuru wa kuchagua timu akitimiza miaka sita ya utumishi, na mwaka mmoja huhesabiwa siku 172 kikosini. Kris Bryant wa Chicago Cubs alipandishwa Aprili 17, 2015, akamaliza na siku 171. Siku moja pungufu, na Cubs wakapata mwaka mzima wa ziada wa kumshikilia. Alilalamika rasmi akashindwa, uamuzi ukatoka 2020. Mkataba wa ligi wa 2022 umejaribu kulipunguza jambo hili: kinda aliye kwenye orodha kubwa za makinda bora akikaa kikosini mwaka mzima na akashinda tuzo ya mchezaji mpya bora, timu yake huongezewa nafasi moja kwenye drafti. Seattle Mariners waliipata kwa Julio Rodríguez. Bado mchezo wa siku upo. Mimi huona vibaya sana kijana akiambiwa "hujawa tayari" wakati kinachohesabiwa ni kalenda, hasa ukijua kuwa mshahara wa chini wa ligi kuu mwaka 2024 ulikuwa dola 740,000 na wa Triple-A ulikuwa chini ya dola 40,000.

Warushaji wana mizani yao

Hili nitalipita haraka. Mpigaji hujifunza kwa kukosea; mrushaji hupimwa kwa mkono wake kuhimili kazi. Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza 2023 na Pittsburgh Pirates, na mwanzoni mwa 2024 kila mtu alijua anaweza kuwatoa wapigaji wa ligi kuu. Walimweka Triple-A wakimwongezea idadi ya mipira pole pole, akapanda Mei 11, akamaliza na wastani wa kuruhusu mikimbio 1.96 kwa kila raundi tisa na kutwaa ile tuzo iliyomponyoka Merrill. Kwake swali halikuwa uwezo. Lilikuwa ni mipira mingapi bega linaweza kubeba hadi Septemba.

Hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki pia. Pirates haohao ndio waliomsajili David Matoma, mrushaji wa Uganda, na Dodgers mwaka 2022 walisajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Naona watu wetu mitandaoni wakiuliza kila mwezi "lini atapanda?" Kijana aliyeanza mchezo huu Uganda, ambako viwanja vinahesabika kwa vidole, amewahi kukutana na wapigaji wachache mno ukilinganisha na mtoto wa Santo Domingo. Kasi ya mkono anayo. Msimhesabie kwa kasi, mhesabieni straiki: katika kila raundi anatoa beisi za bure ngapi, na je, mwaka huu ni chache kuliko mwaka jana? Na subira iwepo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kufika ligi kuu, alisainiwa 2008 akapanda 2017.

Kwa hiyo, ukitakiwa kuchagua

Timu yako ina pengo kweli na kinda wako anagusa mpira: mpandishe hata kama hajaiona Triple-A, na usiogope kumbadilishia nafasi kama mikono na miguu ni myepesi. Huyo ni Merrill.

Timu yako ina kijana mwenye nguvu na mbio, anayekosea sana lakini kila mwezi anakosea kidogo kuliko uliopita: mpandishe tu kama uongozi uko tayari kumwacha ateseke hadi Juni. Kama hauko tayari, kumpandisha ni kumwonea. Huyo ni Chourio.

Na kama ni kijana mwenye jicho kali, jina kubwa, straiki tatu nyingi, na mechi chache za Triple-A, kwenye timu inayowania ubingwa, mwache Norfolk mpaka Juni. Nayasema haya nikiwa shabiki wa Orioles niliyepiga makofi siku alipopandishwa.

Mwisho wa Julai Padres walikuja Camden Yards, Merrill akacheza nyumbani kwao akiwa amekwisha kuitwa mechi ya nyota. Siku chache baadaye, Julai 31, Holliday akarudi kikosini dhidi ya Toronto. Beisi zote zikiwa zimejaa, akaupiga mpira upande wa kulia ukavuka uzio hadi Eutaw Street, njia ya watembea kwa miguu kando ya lile ghala kuukuu la matofali. Ilikuwa homrani yake ya kwanza, na iliingiza mikimbio minne.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti kutoka Mombasa. Shemeji ameiona video. "Haya, na ubao sasa unasemaje?"

Nikamjibu kwamba wastani wa mwaka bado uko chini sana, na kwamba leo jioni yumo tena kikosini.